Utafiti wa Nasaba katika Wema na Delta ya Tana

Wema ni kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana, karibu na mji wa Garsen na jirani na Hewani, katika Kaunti ya Tana River nchini Kenya. Anayetafuta asili ya ukoo wake hapa hugundua mapema kwamba makazi hayatulii. Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, hufurika, huacha mkondo mmoja na kuchimba mwingine, na vijiji huufuata au huukimbia. Kijiji kilichotajwa katika daftari la karne iliyopita huenda leo ni shamba la ndizi, na jina lake limehamia ng'ambo pamoja na watu. Makaburi nayo huchukuliwa na maji. Mafuriko ya 1961 na yale ya El Niño ya 1997 na 1998 yalihamisha kaya nyingi, na wazee huyatumia kama kalenda: fulani alizaliwa kabla ya maji makubwa, fulani baada yake. Mtafiti mzoefu kwa hiyo huuliza ukoo kwanza. Mahali huja baadaye.

Wapokomo wa chini ya mto wamegawanyika katika makundi kama Buu, Ngatana, Dzunza, Mwina na Kalindi. Wa juu wana Ndera, Gwano, Ndura, Zubaki na wengineo. Ndani ya kila kundi kuna koo, na ukoo ndio unaoshika ardhi. Kwa desturi, ukanda wa shamba huanzia ukingoni mwa mto na kuingia bara hadi nyikani, na kila ukanda una wenyewe. Mzee anayeweza kutaja nani amepakana na nani amekwisha kutaja nusu ya nasaba bila kuulizwa. Ni afadhali basi kutembea naye shambani kuliko kumkalisha barazani mbele ya kinasa sauti: mwembe uliopandwa na babu fulani hukumbusha majina ambayo maswali kumi hayakumbushi.

Kumbukumbu hizi zina walinzi wake. Baraza la wazee wa Kipokomo, gasa, bado huketi kuamua migogoro ya mashamba na ndoa, na uamuzi mwingi hutegemea nani ni mtoto wa nani. Hata hivyo orodha ya mababu inayosimuliwa barazani si hati ya usajili. Huwa na tabia ya kufupishwa katikati: mwanzilishi wa ukoo anatajwa, babu wa tatu na wa nne wanatajwa, na wale waliokuwa kati yao wamemezwa. Majina ya mababu yakirudiwa kwa wajukuu, watu wawili huweza kuunganishwa wakawa mmoja. Na ile simulizi ya kutoka Shungwaya, ambayo Wapokomo wanaishiriki na Wamijikenda na Wasegeju, ni historia ya makabila mazima. Kuichomeka juu ya mti wa familia moja, kama wafanyavyo wengi, ni kuuongezea mti mizizi isiyo yake.

Ng'ambo ya shamba kuna mfugaji. Waorma, wasemao lugha ya jamii ya Kioromo, huhesabu ukoo kwa upande wa baba, na koo zao zimepangwa katika nusu mbili kubwa, Barietuma na Irdida. Vita vya karne ya 19 dhidi ya Wasomali na Wamaasai viliwavunja vibaya. Wengi walitekwa wakapelekwa ng'ambo ya Tana, na baadhi ya wazao wao ndio wanaojulikana leo kama Wardei. Kwa sababu hiyo familia ya Kiorma iliyokatika miaka ya 1860 mara nyingi hupatikana upya miongoni mwa Wardei, ikiwa na majina ya Kisomali. Wafugaji na wakulima hukutana kwenye malka, njia za mifugo za kushukia mtoni, na hapo ndipo hupatikana habari za ndoa na udugu wa hiari ambazo hakuna karani aliyeziandika.

Urithi mwingine wa delta uko mbali na mto. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo iliyolindwa na wazee wachache na kuhesabiwa chemchemi ya mamlaka yao, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902. Tangu 1908 imo British Museum, London. Madai ya kuirejesha yametolewa na wazao wa nyumba ya kifalme, ile ya Makorani-a-Mungase, kwa hiyo nasaba inayosimuliwa barazani imegeuka kuwa hoja mbele ya taasisi ya kigeni. Jina hilo lina funzo dogo kwa wasomaji wa madaftari: kile kiungo "a" katikati humtaja baba. Karani aliyezoea Kiswahili au Kiarabu angeweza kuandika "wa" au "bin", na karani mwenye haraka akaandika majina mawili bila kiungo. Mtu mmoja basi huweza kuonekana watatu.

Maandishi ya kwanza yenye majina ya watu wa kawaida wa delta yaliletwa na misheni. Wamethodisti kutoka Uingereza, wakiongozwa na Thomas Wakefield, walijenga kituo cha Golbanti katikati ya miaka ya 1880, na mwaka 1886 mmisionari John Houghton na mkewe waliuawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifika Ngao. Ferdinand Würtz, mmoja wao, alitunga kamusi ya Kipokomo na kutafsiri Agano Jipya. Vita viwili vya dunia viliwatoa Wajerumani, na kazi yao ikaishia mikononi mwa Wamethodisti.

Historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini karatasi za familia moja ya Wema zinaweza kuwa katika nchi tatu. Daftari la ubatizo liko kanisani au katika ofisi ya kanisa Kenya. Barua na taarifa za wamisionari wa Kimethodisti ziko katika maktaba ya SOAS, London. Za Wajerumani hutafutwa kwa kuanzia Neukirchen-Vluyn, na humtaka msomaji ajue Kijerumani na mwandiko wa mkono wa zamani. Daftari la ubatizo lina hatari yake pia: aliyebatizwa hupewa jina la Biblia, na jina la nyumbani likiachwa, Yohana wa daftarini hatambuliki na mjukuu anayemjua babu yake kwa jina la Kipokomo. Wapokomo wa juu, ambao wengi walisilimu katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, hawamo kabisa katika vitabu hivyo. Habari zao za ndoa na mirathi hutafutwa kwa Kadhi na kwa maimamu wa misikiti.

Kwamba nasaba inaweza kuungua na kuandikwa upya, delta inao mfano maarufu. Ukoo wa Nabahani uliotawala Pate ulihamishia makao yake Witu, njiani kati ya Garsen na Lamu, chini ya Ahmed aliyeitwa Simba. Mwaka 1890, baada ya Wajerumani kuuawa huko, manowari za Waingereza zilileta kikosi kilichouteketeza mji. Inasimuliwa kwamba nakala ya kale ya kitabu cha wafalme wa Pate ilipotea humo. Kilichobaki kilikuwa kichwani mwa watu, hasa mzee wa ukoo huo aliyejulikana kama Bwana Kitini, na kutoka kwake matoleo kadhaa yalinakiliwa. C. H. Stigand alichapisha moja kwa Kiingereza mwaka 1913, na Alice Werner akatoa jingine miaka ya 1914 na 1915. Matoleo hayo hayakubaliani katika kila tarehe, jambo linaloweka wazi jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi.

Werner huyohuyo ndiye anayestahili kusomwa na Mpokomo yeyote anayetafuta wazee wake. Alizuru Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913, akakusanya simulizi, mila na habari za koo kando ya Tana, na kuzichapisha katika majarida ya wakati huo. Miaka minne baada ya 1913 alikuwa akifundisha SOAS. Pamoja na kitabu cha A. H. J. Prins cha 1952 kuhusu makabila ya pwani, kazi yake huweka mpaka ambao simulizi za leo zinaweza kupimwa nao: kile alichosikia wakati huo na hakisimuliwi tena, na kile kinachosimuliwa sasa ambacho hakukisikia.

Serikali ilikuja ikihesabu vibanda kabla ya kuhesabu watu. Kodi ya kibanda ilianza 1901. Kipande kwa wanaume wa Kiafrika kilianza kutolewa kwa mapana baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Sensa ya kwanza iliyohesabu Waafrika wa nchi nzima ilifanywa 1948, nayo huwapa watafiti idadi, si majina. Usajili wa vizazi na vifo ulienezwa wilaya kwa wilaya hadi ukawa wa lazima kote nchini mwaka 1971, na wanawake walianza kupewa vitambulisho kuanzia 1978. Kwa hiyo nyanya aliyefariki miaka ya 1960 huenda hakuwahi kuandikwa popote na serikali. Pengo hilo ni kubwa kuliko pengo lolote la mafuriko, na ni la upande mmoja: babu huonekana kwenye kodi na kipande, bibi hutajwa na mdomo wa binti zake.

Ukilinganisha pengo hilo na hali ya nchi nyingine, kwa mfano Kanada, tofauti inashangaza. Huko kumbukumbu za sensa hufunguliwa baada ya miaka 92, na tarehe 1 Juni 2023 sensa ya 1931 ikawekwa wazi, kaya kwa kaya, jina kwa jina. Kenya pia ilikuwa na sensa mwaka 1931, lakini Waafrika hawakuhesabiwa.

Nyaraka za kikoloni zilizopo ziko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, na nakala nyingi za filamu zake ziko Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Anayezitafuta asikomee kwenye jina la Tana River. Kipini, kwenye mlango wa mto, palikuwa makao ya wilaya kwa miaka mingi, na eneo liliwahi kuwa sehemu ya mkoa ulioitwa Tanaland, wenye makao Lamu. Faili la Wema huenda limelala chini ya lolote kati ya majina hayo. Na familia zenye wazee kutoka bara waliozuiliwa katika kambi ya kizuizini ya Hola miaka ya 1950 zina sehemu nyingine ya kuangalia, zile faili za makoloni zilizofichwa Uingereza na kufunguliwa kwa umma kuanzia 2012.

Kuna jambo ambalo wazee hawalitaji haraka. Misitu ya karibu na Witu ilikuwa makao ya watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani, na utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Baadhi ya koo zilipokea watu hao wakawa ndugu kwa ndoa na kwa kazi. Kuuliza "huyu alitoka wapi?" mbele ya wageni kunaweza kuvunja urafiki wa miaka. Mtafiti mwenye adabu huliacha swali hilo mpaka mwenyewe alifungue.

Nasaba hapa haitafutwi kwa udadisi tu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, humtaka mrithi athibitishe uhusiano wake na marehemu, na mahakama huomba barua ya chifu inayotaja warithi. Machafuko ya 2012 kati ya Wapokomo na Waorma, yaliyoanza kwa mauaji ya Riketa mwezi Agosti, yalichoma nyumba pamoja na kila kilichokuwa ndani, vyeti na picha za mazishi zikiwemo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka kila jamii iandike daftari la wanachama wake kabla ya kusajiliwa. Katika delta hilo lina maana ya kuamua, kwa karatasi, nani ni wa ukoo gani, na wajumbe wa kamati wanaoketi chini ya mwembe na daftari jipya mapajani wanafanya kazi ya gasa na ya karani wa kodi kwa wakati mmoja.