Wagombea Waliojibatiza Upya

Mgombea anaweza kuhutubia mikutano mwezi mzima, lakini mpiga kura akishaingia kituoni, kinachobaki mbele yake ni jina na maneno machache. Ndiyo maana Uingereza, Marekani na Kanada, ambako sheria humruhusu raia kubadili jina bila mashaka makubwa, wametokea wagombea waliojibatiza upya ili jina lenyewe liwe hotuba. Watu huwaita wachekeshaji. Mimi naona wengi wao walistahili kusikilizwa, na kwamba kosa halimo katika kubadili jina bali katika kuchukua la mwenzio.

Terry Marsh, bondia Mwingereza aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, aligombea ubunge mwaka 2010 kwa jina la None Of The Above X, yaani “hakuna hata mmoja kati ya hawa”. Karatasi ya kura ya Uingereza haina sehemu ya kuwakataa wagombea wote, na chama hakiruhusiwi kujisajili kwa maneno hayo. Jina la mtu ndiyo njia iliyokuwa imebaki, akaipita. Mwaka 2016 huko Ontario, Kanada, Sheldon Bergson naye aligombea katika uchaguzi mdogo akiitwa Above Znoneofthe. Herufi Z ilikuwa na kazi yake: wagombea hupangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo, naye alitaka asomwe wa mwisho, baada ya wote anaowapinga.

Wapo wanaosema desturi hii humpotosha mpiga kura, na hoja yao ina uzito. Mwaka 1970, mpinzani wa Uingereza kuingia Soko la Pamoja la Ulaya alijiita Edward Heath akasimama Bexley, jimbo la Edward Heath, kiongozi wa chama cha Conservative. Mwaka 1982 mwanasiasa Roy Jenkins, aliyekuwa akigombea Glasgow Hillhead, alijikuta na Roy Jenkins mwingine, ambaye awali aliitwa Douglas Parkin. Huyo wa pili alipata kura 282, na Jenkins mwenyewe akashinda. Hata kama Heath wa pili alikuwa na hoja halali kuhusu Ulaya, jina alilochukua halikuitaja hoja hiyo hata kidogo. Lilichoweza kufanya ni kuvuna kura za waliokosea.

Jina la Marvin Richardson, mkulima wa stroberi wa Idaho, halikumficha mtu. Alijiita Pro-Life, msimamo wa wanaopinga utoaji mimba, na mwaka 2008 akagombea Seneti ya Marekani. Waliolalamika kwamba karatasi ya kura si ubao wa matangazo walijibiwa na bunge la jimbo kwa njia ninayoiona ya haki: karatasi ieleze kwamba huyo ni mtu, na zamani aliitwa nani. Mgombea akabaki na jina, mpiga kura akapata ukweli.

Tena, mkanganyiko mkubwa kuliko yote hayo ulisababishwa na mtu ambaye hakubadili jina lake. Katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya mwaka 1994, huko Devon, Richard Huggett alijieleza kuwa “Literal Democrat” akapata kura 10,203, huku mgombea wa chama cha Liberal Democrats akishindwa kwa 700. Bunge la Uingereza lilijibu mwaka 1998 kwa sheria ya kusajili vyama ili majina yake yalindwe. Haki ya raia kubadili jina lake halikuigusa.