Watu Kumi na Wawili Waliogoma Kutia Hatiani

Usiku wa Septemba 3, 1670, wanaume 12 wa London walifungiwa ndani ya jengo la mahakama ya Old Bailey bila chakula, bila maji, bila moto wa kuota wala tumbaku. Hawakuwa washtakiwa. Walikuwa juri, raia wa kawaida walioitwa kusikiliza ushahidi na kusema kama mtu ana hatia au hana. Kosa lao ni kwamba jibu walilotoa halikumpendeza hakimu.

Waliokuwa kizimbani ni William Penn, kijana wa miaka 25, na mwenzake William Mead. Wote walikuwa Quaker, watu wa Kanisa la Marafiki, ambalo wamisionari wake walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Sheria ya Uingereza ilipiga marufuku ibada za zaidi ya watu watano nje ya Kanisa la Anglikana. Agosti 14 Marafiki walikuta askari wamefunga nyumba yao ya ibada katika mtaa wa Gracechurch, Penn akahubiri palepale barabarani. Mashtaka hayakutegemea sheria hiyo ya ibada. Yalisema wamekusanya watu kwa ghasia na kuvunja amani.

Kesi ilianza kwa vituko. Washtakiwa waliingia vichwa wazi, mahakama ikaamuru wavalishwe kofia, kisha ikawatoza faini kwa kukataa kuzivua. Penn alipouliza ameshtakiwa kwa sheria ipi, hakupewa jibu la maana. Alipozidi kudai, aliburutwa hadi kwenye kona ya mbali ya ukumbi.

Juri ilipotoka kushauriana iligawanyika, wanane upande mmoja na wanne upande wa pili. Wanne hao waliongozwa na Edward Bushell. Baada ya vitisho wote 12 walirudi na jibu moja: Penn ana hatia ya kuzungumza katika mtaa wa Gracechurch. Basi. Hawakutaja ghasia wala mkusanyiko haramu, na kuzungumza mtaani si kosa. Hakimu John Howell aliwarudisha chumbani, wakaja na jibu lilelile; akawarudisha tena. Kijitabu kilichochapishwa mwaka huohuo kinasimulia kwamba Meya wa London, Samuel Starling, alitishia kumkata Bushell pua, na kwamba Howell aliisifu mahakama ya kidini ya Hispania iliyojulikana kwa mateso. Baada ya usiku wa pili wa njaa, asubuhi ya Septemba 5, walitamka wazi kuwa Penn na Mead hawana hatia.

Kila mmoja akatozwa faini ya marki 40, zaidi ya pauni 26, fedha nyingi kwa wakati ule. Bushell na wenzake watatu walikataa kulipa, wakapelekwa gereza la Newgate.

Adhabu ya namna hiyo haikuwa ngeni. Mwaka 1554 juri iliyomwachia huru Nicholas Throckmorton, aliyeshtakiwa kwa uhaini dhidi ya Malkia Mary, ilifungwa na kutozwa faini. Tofauti ya Bushell ni kwamba aliomba aletwe mbele ya majaji ili serikali ieleze amefungwa kwa nini. Novemba 1670 Jaji Mkuu John Vaughan aliamua kuwa juri haiadhibiwi kwa uamuzi wake. Hoja yake inavutia hadi leo: watu wawili waaminifu wanaweza kusikia ushahidi uleule wakafikia mawazo tofauti; na kama juri inalazimika kumfuata jaji, iliitwa ya nini?

Swali hilo linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Waingereza walipoleta sheria zao huku, nguvu ile ya Bushell hawakuigawa sawa. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa zito alikuwa na haki ya juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alipata wazee wa baraza, ambao walikaa na jaji na kutoa maoni yao kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, lakini jaji hakufungwa nayo. Wote wangeweza kusema mtu hana hatia, na bado akanyongwa. Huo ulikuwa ubaguzi ulioandikwa ndani ya sheria yenyewe, na unastahili kukumbukwa kila inaposifiwa haki ya Kiingereza.

Kenya ilifuta wazee wa baraza mwaka 2007. Tanzania iliendelea nao katika Mahakama Kuu, na hapo pakazuka hali ya ajabu: maoni yao hayakumfunga jaji, lakini aliposhindwa kuwashirikisha ipasavyo, kwa mfano kwa kutowafafanulia hoja muhimu za kesi, Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo mzima. Kesi nyingi za mauaji zilianguka kwa njia hiyo. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliacha suala la kukaa nao mikononi mwa jaji.

London nako uamuzi wa Vaughan haujakaa kimya. Mwaka 2023 mwanamke mmoja alisimama nje ya mahakama akiwa na bango la kuwakumbusha wanajuri haki yao ya kumwachia mtu huru kwa dhamiri. Wanasheria wa serikali walitaka ashtakiwe kwa kuidharau mahakama. Aprili 2024 Mahakama Kuu ilikataa.