Nissan X-Trail ya mtumba: Hitilafu za kawaida na gharama zake

NI gari linalopendwa na familia nyingi nchini. Limeinuka vya kutosha kuyahimili mashimo na matuta, lina nafasi ya watu watano na mizigo yao ya safari ya mashambani, na bei yake sokoni mara nyingi huwa nafuu kuliko ya magari mengine ya kimo chake.

Hata hivyo, bei ya kununulia gari si bei ya kulimiliki. Mtu aliyechukua mkopo wa chama cha ushirika na kumkabidhi muuzaji pesa zote hujipata pabaya pale giaboksi inapogoma miezi michache baadaye. Mkopo haungoji gari litoke gereji. Nayo bima, hata ile kamili, hulipia ajali na wizi, wala si mtambo uliochakaa.

Haya hapa ni maelezo kuhusu hitilafu zinazojitokeza mara kwa mara katika Nissan X-Trail zilizotumika, dalili zake, na kiasi cha mzigo ambao kila moja humtwika mwenye gari.

Vizazi vitatu

X-Trail zilizojaa katika barabara za Kenya ni za vizazi vitatu: T30, iliyoanza kuuzwa Japan mwaka wa 2000, T31, iliyofuata 2007, na T32, iliyozinduliwa 2013. Mnunuzi anaweza kutambua kizazi kwa kutazama mwanzo wa nambari ya chesisi, kwa mfano NT30 au NT31.

Tofauti hii ina maana kubwa. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo T30 na T31 haziingii tena kupitia bandari ya Mombasa. Zinazouzwa leo zimekwisha kutumika hapa nchini kwa miaka kadhaa, na hali ya kila moja hutegemea zaidi jinsi mwenyewe alivyoitunza kuliko jinsi ilivyoundwa.

Giaboksi

Hili ndilo suala zito kuliko yote. T30 nyingi za otomatiki zina giaboksi ya kawaida ya gia nne, ambayo huvumilia mengi. Kuanzia T31, X-Trail nyingi zina giaboksi aina ya CVT. Hiyo haina gia zinazopokezana. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kujibana. Hupunguza matumizi ya petroli, lakini huchukia joto na mafuta machafu.

Dalili za ugonjwa ni gari kutetemeka linapoongezwa mwendo polepole, mlio wa kuvuma unaopanda pamoja na kasi, kukawia kuondoka baada ya kuingiza gia, na nguvu kupungua ghafla kwenye mlima mrefu. Hili la mwisho hutokea kompyuta ya gari inapojaribu kuinusuru giaboksi iliyopata joto kupita kiasi. Dereva anayepanda kutoka Mai Mahiu akiwa na familia nzima na lori likimkaribia nyuma anaelewa kwamba hapo si pesa tu zilizo hatarini.

Tatizo hili halikuwa la Kenya pekee. Nchini Marekani, Nissan iliongeza dhamana ya giaboksi za CVT katika baadhi ya magari yake ya 2003 hadi 2010, likiwemo Rogue ambalo ni ndugu wa X-Trail, hadi miaka 10 au maili 120,000. Dhamana kama hiyo haimfai anayenunua mtumba wa Japan akiwa Nairobi au Eldoret.

Kosa linaloziua giaboksi nyingi ni kutiwa mafuta yasiyofaa. T31 inahitaji mafuta ya CVT aina ya NS-2, na T32 aina ya NS-3. Mafuta ya giaboksi za kawaida za otomatiki hayafai kamwe. Mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya kilomita 40,000 hadi 60,000. Usipoziba ufa utajenga ukuta: gharama ya mafuta hayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya giaboksi.

Injini

Injini za X-Trail za petroli zinazopatikana kwa wingi hapa hutumia cheni badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda. Hiyo ni nafuu, mradi mafuta ya injini yabadilishwe kwa wakati. Yakipuuzwa, cheni hulegea. Ishara yake ni mlio wa kugongagonga injini inapowashwa asubuhi ikiwa baridi.

Katika T30 zenye injini za QR, chunguza katalisti, yaani kile kisafisha moshi kilicho karibu na injini. Kikimeguka, chembe zake ngumu zinaweza kuvutwa hadi ndani ya silinda na kuzikwaruza. Kuanzia hapo injini huanza kula mafuta na kutoa moshi wa samawati. Mwenye gari la aina hiyo na apime mafuta kila wiki, asingoje taa ya onyo.

Hitilafu nyingine inayojulikana ni ya sensa za kremushafti na kemushafti. Gari huzima likiwa moto, kisha huwaka tena baada ya kupoa. Wengi hubadilisha pampu ya petroli bure kabla ya kupima sensa kwa kompyuta.

Redieta nazo zina vichwa vya plastiki ambavyo hupasuka kwa uzee. Tumia maji maalumu ya kupoza injini badala ya maji ya mfereji, ambayo huleta kutu. Injini ikichemka mara moja tu, silinda hedi inaweza kupinda na gasketi ikaungua.

Miguu ya gari

Barabara mbovu hula vijiti vya stabilaiza, bushi, shokabsoba na beringi za magurudumu ya mbele. Mgongano mdogo kwenye matuta huashiria vijiti au bushi. Mvumo unaobadilika gari likikata kona huashiria beringi. Katika gari la magurudumu manne yanayovuta, tairi zote ziwe za kipimo kimoja na zilizochakaa kwa kadiri moja, la sivyo mtambo wa kugawa nguvu huumia.

Gharama

Bei hutofautiana kati ya duka na duka, na kati ya kipuri halisi, cha kuiga na cha mtumba. Ila zinaweza kugawanywa katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni ya maelfu machache ya shilingi: vijiti vya stabilaiza, bushi, pedi za breki, plagi na filta. Ya pili huweza kufika makumi ya maelfu: shokabsoba zote nne, redieta, au katalisti. Ya tatu ni ya giaboksi au injini nzima, ambapo hata ya mtumba, pamoja na kazi ya fundi, inaweza kupita Sh100,000.

Anayenunua kipuri cha mtumba katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, au kwingineko, adai risiti yenye muda wa kukijaribu ulioandikwa.

Kabla ya kulipa

Fika asubuhi injini ikiwa baridi, na uiwashe mwenyewe. Endesha kwa angalau nusu saa, ukipanda mlima. Mlete fundi wako, si wa muuzaji, apime gari kwa kompyuta. Linganisha kilomita zilizo kwenye dashibodi na stakabadhi za Japan, kwani mita hurudishwa nyuma. Hakikisha pia jina la muuzaji ndilo lililo katika rekodi za NTSA.

Iwapo muuzaji hana ushahidi kwamba mafuta ya CVT yamewahi kubadilishwa, hesabu kana kwamba hayajawahi. Punguza kiasi hicho katika bei unayotoa, au uweke kando akiba inayotosha giaboksi moja. Asiyeweza kufanya lolote kati ya hayo ni heri atafute gari dogo zaidi.