"Do": kitenzi kilichopoteza maana kikapata kazi

Angalia swali hili fupi la Kiingereza: "What do you do?" Lina "do" mbili. Ya pili ni rahisi, maana yake ni kufanya: unafanya kazi gani? Je, ya kwanza? Hiyo ukiitafuta katika tafsiri ya Kiswahili huioni. Haina maana yoyote ya kutafsiriwa, lakini ukiiondoa tu sentensi inaharibika.

Wengi wetu tulipouliza jambo hili shuleni tulijibiwa kwamba "ndivyo Kiingereza kilivyo". Jibu hilo si kamili. Hakikuwa hivyo sikuzote. Mwingereza wa mwaka 1300 aliuliza "Know you?" na akajibu "I know not", na hakuna aliyemcheka. Sasa hiyo "do" ilitoka wapi?

Tuanzie mbali kidogo. Katika Kiingereza cha Kale kitenzi hiki kiliandikwa "don", na ni ndugu wa "tun" ya Kijerumani na "doen" ya Kiholanzi. Mzizi wao wa kale kabisa ulihusu kuweka kitu mahali. Mpaka leo Mjerumani anaweza kutumia "tun" akisema anatia chumvi kwenye supu. Kiingereza nacho kimebaki na mabaki ya maana hiyo: "don", yaani kuvaa, ni "do on" iliyofupishwa, na "doff", yaani kuvua, ni "do off". Hata "doom" inatoka kwenye mzizi huohuo. Zamani ilimaanisha sheria au hukumu, kitu kilichowekwa. Si na sisi tunasema "kuweka sheria"? Ndiyo sababu daftari kubwa la mali na ardhi alilolitengenezesha Mfalme William mwaka 1086 likaja kuitwa Domesday Book.

Kutoka kuweka, maana ikapanuka ikawa kutenda, halafu kusababisha. Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Kiswahili kina njia nyepesi ya kusema kusababisha: jenga, jengesha, soma, somesha. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo kwa vitenzi vyote, kwa hiyo katika baadhi ya lahaja za zamani watu walitumia "do". Mfalme "did build" ngome, yaani aliijengesha.

Lakini hebu jiulize: mfalme ambaye "did build" ngome, alijenga kwa mikono yake au alijengesha? Vyovyote utakavyojibu, ngome imejengwa. Msikilizaji hapotezi kitu akielewa "alijenga" tu. Sentensi za namna hiyo zikizoeleka, ile maana ya kusababisha inafifia polepole, na "do" inabaki tupu. Kufikia mwisho wa karne ya 13, washairi wa kusini-magharibi mwa Uingereza walikuwa wanaipachika "do" tupu kwenye mistari yao. Iliwafaa sana: inaongeza silabi, tena inakisukuma kitenzi kikuu mwisho wa mstari, mahali pa kina.

Maelezo haya ya ngome na mfalme yanatokana na kazi ya mwanaisimu wa Sweden, Alvar Ellegård. Mwaka 1953 alichapisha matokeo ya kazi ngumu: kabla ya kompyuta kuwa chombo cha kila mtu, alipitia maandishi ya Kiingereza ya miaka zaidi ya 300 akihesabu sentensi zenye "do" na zisizo nayo. Wapo wanaopinga asili hiyo. Mwanaisimu John McWhorter, kwa mfano, anaelekeza kidole kwa Kiwelshi na Kikornishi, lugha za wenyeji wa kisiwa hicho, ambazo nazo hutumia kitenzi cha kufanya kama kisaidizi. Mjadala haujafungwa.

Ila takwimu zenyewe zinavutia. Katika sentensi za kawaida za kukubali, "do" ilipanda mpaka katikati ya karne ya 16, kisha ikashuka na karibu itoweke. Mwaka 1755 Samuel Johnson, katika kamusi yake maarufu, aliihesabu "do" ya namna hiyo kuwa ni kasoro. Leo tunaitumia tu tukitaka kusisitiza. Katika maswali mambo yalikuwa tofauti: iliendelea kupanda. Sentensi za kukanusha zilifuata nyuma kwa kusuasua, na vitenzi vichache kama "know" viligoma kwa muda mrefu kuliko vingine. Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, aliandika katikati ya mabadiliko haya, na ndiyo maana anachanganya mitindo yote miwili. Mwaka 1989 Anthony Kroch alizichambua upya hesabu za Ellegård akaona jambo la ajabu: katika kile kipindi cha kupanda, aina zote za sentensi zilibadilika kwa kasi ileile, ingawa nyingine zilikuwa mbele na nyingine nyuma. Yaani yalikuwa ni badiliko moja linalojitokeza sehemu nyingi kwa pamoja.

Kwa nini maswali yaliihitaji "do"? Chukua swali la mtindo wa zamani: "Saw the hunter the lion?" Kitenzi kimetangulia, majina mawili yamefuatana, na Kiingereza kilikuwa kimeshapoteza viambishi vingi vilivyoonyesha nani mtenda na nani mtendwa. Sema "Did the hunter see the lion?" na mambo yanakaa sawa: mwindaji kabla ya kitenzi, simba baada yake. "Do" imebeba alama ya swali na alama ya wakati, kitenzi kikuu kimepumzika. Na hapo unapata sababu ya "Did you went?" kuhesabiwa kosa: wakati uliopita umeshabebwa na "did", haubebwi mara mbili.

Usidhani hili ni la Waingereza peke yao. Ile "-ta-" ya "nitasoma" ilizaliwa na kitenzi "taka". Sema "mtu atakayesoma" na utamwona mzazi wake amesimama mzimamzima. Hatuhisi tena kwamba ndani yake kuna kutaka, na ndiyo maana tunasema "mvua itanyesha" bila kufikiri kwamba mvua ina matakwa. Kitenzi kimepoteza maana, kikapata kazi.

Kwa nini ujali? Kwa sababu maelfu ya wanafunzi wa Tanzania na Kenya hupimwa kwa Kiingereza, na akikosea "do" mtu huambiwa hana akili. Kanuni hii haikutokana na akili. Haikutungwa na mtaalamu yeyote. Ilijengwa na midomo ya watu wa kawaida kwa karne kadhaa. Kwenye mtihani iandike inavyotakiwa, bila shaka. Lakini ukisumbuka nayo, jua unasumbuka na historia.

Na safari yenyewe bado haijafika mwisho. "Be", "can" na "must" mpaka leo hazimhitaji msaidizi huyu kwenye maswali. "Have" iko njia panda: Waingereza wa zamani walizoea "Have you any money?", Wamarekani wakasema "Do you have any money?", na sasa hata Uingereza mtindo wa pili umetawala. Siku nyingine ukimsikia mzee mmoja anasema hivi na kijana anasema vile, usiharakishe kumsahihisha yeyote. Sikiliza tu, maana ndivyo "do" ilivyoanza.