Mchesi au Dzaleka: mkimbizi mwenye ulemavu anapohama, msaada huwaje?

Sera ya Malawi humtaka mkimbizi aishi kambini. Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000. Huko ndiko Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) linakotoa msaada wake.

Hivyo msaada umefungamana na mahali. Anayehamia Mchesi, jijini Lilongwe, huikaribia Hospitali Kuu ya Kamuzu, lakini hujilipia kodi ya nyumba na aweza kukosa mgao. Kutoka kambini hospitali hiyo iko mbali, takriban kilomita 45. Uamuzi nao si wa mkimbizi peke yake: Mei 2023 polisi waliwaondoa wakimbizi wengi mijini na kuwapeleka Dzaleka.

Kabla ya kuhama, mwenye ulemavu au mlezi wake aulize ofisi ya wakimbizi mambo matatu: je, jina litabaki kwenye orodha ya mgao? Nani aruhusiwe kumchukulia? Na akihitaji matibabu Lilongwe, atapataje kibali na usafiri?