Uongozi wa Kushauriana: Fundisho la Mwaka 1963

Makanisa ya Kilutheri ya Tanganyika yaliunda shirikisho mwaka 1938. Yalitokana na misioni mbalimbali, kila moja na desturi zake. Ilipita miaka 25 kabla makanisa saba hayajaungana kuwa Kanisa moja, tarehe 19 Juni 1963, Stefano Moshi akiwa Mkuu wake wa kwanza. Hata hapo hayakumezwa, bali yaliendelea kama dayosisi na sinodi, kila moja na kiongozi wake.

Twajifunza ya kuwa umoja hukua kwa kushauriana. Mchungaji aamuaye peke yake, kisha akaliarifu baraza la wazee, atapata watiifu, asipate watenda kazi pamoja naye. Musa alilipokea shauri la Yethro. Je, sisi tu tayari kushauriwa?