Gazeti Lililochelewa Kusema Kiswahili

Enyi jamaa wa Shinyanga na Geita, leo twawaelezeni habari za gazeti la kila siku lililodumu kuliko mengi nchini mwetu.

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga. Miaka miwili baadaye, Januari 1930, kampuni ya Nairobi yenye East African Standard ilianza kupiga chapa Tanganyika Standard mjini Dar es Salaam. Basi gari moshi liliweza kulileta hata kwenu. Lakini lilikuwa la Kiingereza! Mkulima wa pamba na mchimba dhahabu waliandikwa habari zao kwa lugha wasiyoijua. Msomaji wa Kiswahili alikuwa na Mambo Leo tangu 1923, nalo lilitoka mara moja tu kwa mwezi.

Tarehe 5 Februari 1970 Mwalimu Nyerere alilifanya mali ya umma, na Bibi Frene Ginwala akawa mhariri. Tarehe 26 Aprili 1972 likaunganishwa na The Nationalist, likaitwa Daily News. Bwana Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais, alipata kulihariri. Jina liligeuka, lugha haikugeuka. Uhuru, gazeti la TANU, lilikuwa limekwisha kutangulia kwa Kiswahili mwaka 1961. Nyumba hiyo kongwe ilitoa HabariLeo mwaka 2006, baada ya miaka 76, na wazee wengi walikuwa wamekwisha kufa.